Watu wa Kivuli na Saa ya Ukutani

Juzi harusini kijana mmoja wenu, sitamtaja, alikaa ubavuni kwangu kwenye sinia akaniuliza: "Babu, mtu akiona wenziwe wameiacha asili yao, afanye nini? Atoke akaanzishe chake, au abaki humo humo agombane nao?" Nikamwambia nitamjibu nikimaliza wali. Nikamaliza wali, nikanawa, nikanywa kahawa, na sikumjibu. Si kwa kumdharau. Nilikuwa sijui, na mpaka sasa sina hakika kama najua. Lakini kuna jambo nililiona kazini, na kwa kuwa mmenisumbua siku nyingi niandike ile kazi yangu ya falaji, basi nayaandika yote pamoja, mtachagua wenyewe.

Skuli nilisoma kidogo tu, Unguja, kwa hivyo msinipime kwa mwandiko. Nina mazowea ya kuandika mistari miwili mitatu kila siku ikenda, lakini nikiyafungua ya zamani naona nimeandika nani kaumwa na nge, nani kaoa, ndimu zimezaa au hazikuzaa. Mambo makubwa sikuyaandika. Mambo makubwa siku yake hayajitambulishi. Haya mtakayosoma nayatoa kichwani, na kichwa changu mnakijua.

Wengi wenu falaji mnaijua kwa kupigia picha. Ni mfereji, lakini si mfereji wa juu tu. Unaanza mbali, chini ya mlima, kwenye kisima wanachokiita mama wa falaji. Kutoka hapo watu wa kale walitoboa njia chini kwa chini, ikishuka pole pole, mpaka maji yanatoka yenyewe juu ya ardhi karibu na mji. Hakuna mashine. Yakitoka yanapita kwanza pa kuteka maji ya kunywa, halafu msikitini, halafu pa kuogea wanaume, halafu wanawake, halafu ndiyo yanaingia mashambani, kwenye mitende na ndimu na majani ya mbuzi. Kila mwenye shamba ana zamu yake. Na zamu ile, wenyewe wanaiita athari.

Hapo ndipo nilipoanza kuchekwa. Mimi nimefika Omani miaka ya mwanzo ya sabiini, Kiarabu changu ni cha chuo cha Kurani, cha kusoma si cha kusema. Nimepelekwa kijiji cha babu zangu upande wa Samad, nikapewa kazi ya kumsaidia mgawaji wa maji. Siku ya kwanza nasikia mtu anapiga kelele njiani: athari ya Bibi Shamsa, athari ya Bibi Shamsa. Mimi Mswahili, athari kwangu ni madhara. Nikatupa sandali nikakimbia mpaka shambani kwa yule bibi, mtu mzima, nikamkuta kakaa kitako anachambua majani. Nikamuuliza ameumia wapi. Bibi Shamsa akanitazama, akatazama mfereji, maji yanaingia kwake vizuri kabisa. Akasema kitu ambacho sikukifahamu, na mji mzima ulikifahamu. Kwa miaka mingi nikipita, watoto wakiniuliza, "Umeumia wapi?"

Mgawaji wa maji anaitwa arifu. Arifu wetu alikuwa Ami Hamed. Hakuwa ami yangu wa damu, lakini sisi tukimwita hivyo. Ujana wake aliupitisha Unguja, shamba, kwenye duka la mjomba wake, akarudi Omani kabla mimi sijazaliwa. Kiswahili alibaki nacho, cha Kimanga, yaani cha Waarabu wa Omani, kila kitu "iko". Nami maneno yake nitayaandika kwa Kiswahili hicho, hata aliyoyasema kwa Kiarabu. Nikimwamkia shikamoo, uso wake ulikuwa ukifunguka. "Marahaba, mtoto ya Unguja. Karafuu iko?" Miaka yote ile akiniuliza karafuu iko, na mimi nikimjibu iko, ami, ilhali sote wawili hatukuwa na khabari.

Yeye alikuwa akigawa maji kwa kivuli. Mbele ya msikiti pana uwanja mtupu, katikati umesimikwa mti mrefu mkavu kama mlingoti, na chini zimepangwa safu za mawe. Kivuli cha mti kikifika jiwe fulani, zamu ya huyu imekwisha, ya yule imeingia. Usiku walikwenda kwa nyota, na hizo sikuzijua vizuri hata nilipostaafu. Nilijua tatu nne, nyengine nikiitikia tu.

Alinifundisha kazi kwa kunituma. Jiwe la kuzibia mfereji haliwekwi peke yake, linafungwa kwa matambara, na matambara mazuri ni ya kanzu kuukuu iliyofuliwa mpaka imekuwa laini, kwa sababu mpya haishiki maji. Ukifungua mlango wa maji usiyafuate nyuma, yatangulie, uende mbele yake ukiondoa majani na vijiti, na usitie mkono mtupu, maana maji ya kwanza yanasukuma nge. Na ukikaribia pa kuogea wanawake, unakohoa. Si kikohozi kimoja cha adabu. Unakohoa kama mgonjwa, kutoka mbali. Mimi kwa hofu nikikohoa tangu nyumbani, mpaka mke wangu Zuwena akanichemshia tangawizi akidhani kifua.

Sasa nikuelezeni juu ya Nasor. Nasor alikuwa wakili wa falaji, yaani msimamizi wa mambo yake yote, ndiye aliyeniajiri. Mtu wa makamo, msafi, mwenye haraka. Maneno yake alikuwa akiyasema kwa Kiarabu, Kiswahili natia mimi. Yeye alitaka zamu ziende kwa saa ya mkono. Wengi siku zile walimsema vibaya, na mimi nataka nimtendee haki. Siku za mawingu hakuna kivuli, na mwaka mmoja wa mawingu watu wawili walipigana kwa majembe juu ya nusu ya zamu. Nasor ndiye aliyewaamua, kanzu yake ikajaa damu isiyokuwa yake. Toka hapo akawa hataki kusikia khabari ya kivuli.

Akanunua saa akanivisha. "Kesho," akaniambia, "mwambie Mbarak maji yake saa tisa." Akanionesha mshale kwenye tisa, asubuhi.

Nyinyi mmezaliwa na simu mikononi, huenda hamlioni tatizo. Sisi Waswahili mshale ukiwa kwenye tisa, asubuhi, tunasema saa tatu. Jicho linasoma tisa, mdomo unasema tatu, wala hatuoni ajabu. Basi nimekwenda kwa Mbarak, kijana aliyekuwa amerudi karibuni kutoka kazini Kuwait, nikamwambia kwa Kiarabu changu: maji yako kesho saa tatu. Na yeye kwa hesabu ya Kuwait, saa tatu ni alasiri.

Asubuhi nimefungua maji, nimeyatangulia, nimeondoa majani, nimefika kwa Mbarak: hayupo, mlango wa shamba lake umezibwa kwa jiwe na matambara. Maji yakarudi, yakapanda ukingo, yakaingia njiani, yakateremka mpaka wadini, kwenye korongo kavu. Mbuzi wakanywa. Alasiri Mbarak akaja na jembe begani kungojea maji, akakuta matope.

Kilichoniajabisha ni wazee. Nimejieleza mbele yao, nikasema niliambiwa tisa nikasema tatu, nangojea kufukuzwa. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Lakini ilikuwa saa tatu." Kumbe wao, hesabu yao ya zamani inaanza jua likizama: hapo ni kumi na mbili, na saa inayofuata ni moja. Ni saa zetu zile zile za Unguja. Ami Hamed akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Huyu mtoto," akasema, "saa yake ya Mzungu, lakini ndani iko mzee."

Mbarak hakucheka. Toka siku ile akaapa hatoiamini saa maisha yake, na akawa mkali wa kivuli kuliko wazee wenyewe. Kwa hivyo mkidhani watu wa asili ni wazee tu, sivyo. Yule alikuwa kijana, alikuwa na radio na viatu vya ngozi, na asili aliipata kwa hasira.

Na lazima nimtaje Khalfan, maana bila yeye pasingekuwa na kisa. Khalfan alikuwa kiongozi wa watu wa pampu. Pampu za dizeli zilikuwa zimeanza kuja, unachimba kisima chako, unapiga moto, unamwagia shamba lako bila ya kumngojea mtu. Khalfan na wenzake walitaka ruhusa wachimbe visima juu, karibu na mama wa falaji, ambapo maji hayako mbali. Dasturi ilikataza, kwa sababu kisima cha pale kingevuta maji kabla hayajaingia kwenye njia. Wengi wakimwona Khalfan mchoyo. Lakini shamba la mama yake lilikuwa mkiani kabisa mwa falaji, na miaka ya ukame maji hayafiki huko. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka zamu ya yule mama, nikafika nayo kama mate. Ukishamuona mtu mzima anakusanya mate yale kwa sufuria, huwezi kumwita mwanawe mchoyo kwa moyo mkunjufu.

Basi mji ukawa pande mbili: watu wa pampu na watu wa falaji. Watu wa falaji walikuwa wengi zaidi, lakini si kwa mbali. Na hapo hapo watu wa falaji nao wakapasuka, hawa wa kivuli, hawa wa saa.

Haikuwa saa peke yake. Zamani zamu zikibadilishwa uwanjani, chini ya ule mti wa kivuli, kila mtu anasikia. Nasor akaanza kuzibadilisha nyumbani kwake, kwenye chumba cha wageni. Sisemi alimdhulumu mtu, sikuona. Lakini mtu anaamka asubuhi anaambiwa maji yako kesho, si leo. Anauliza nani kasema. Wakili. Wapi? Kwake. Na kipande cha mfereji kikatiwa saruji bila ya wenye mashamba kuulizwa. Saruji ile ilizuia maji kupotea, hilo kweli. Na kweli vile vile kuwa hawakuulizwa.

Ami Hamed alikuwa na neno moja, akilirejea kwa kila mtu. "Kivuli iko chini, kila mtu naona. Saa iko mkono ya mtu. Mimi nasema saa ngapi, wewe nasema ndiyo. Wewe naona nini?"

Siku moja asubuhi, nami napanga mawe yaliyopigwa teke na punda, Mbarak akaja na watu wa kivuli karibu wote. "Ami," akasema, "tutoke."

Ami Hamed hakunyanyua kichwa. "Toka, kwenda wapi? Falaji iko moja."

"Ipo ile kavu." Nyuma ya kilima kulikuwa na falaji nyengine, imekufa zamani, njia zake zimejaa mchanga. "Wazee wetu waliichimba, nasi tutaifufua. Zamu zetu kwa kivuli, maneno yetu uwanjani. Hatuwi wa Khalfan, hatuwi wa Nasor. Tuwe wa tatu."

"Na huku?"

"Huku waachie wenyewe. Hao si watu wa falaji tena, hao ni watu wa pampu waliochelewa."

Wakacheka. Ami Hamed hakucheka, lakini hakukataa. Wakamfanya mkubwa wao. Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa, nilipwe na Nasor au nimfuate aliyenifundisha kazi. Zuwena, Mpemba, alikuwa akikuna nazi ya kubahatisha iliyotoka bandarini Matrah, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe unataka kwenda na nani?"

"Na wote wawili."

"Basi utashinda njiani," akasema, "chakula nitakutilia kwenye kikapu."

Na kweli nilishinda njiani. Asubuhi mapema falaji kavu, mchana falaji ya maji. Nasor akijua, hakunikataza. Mpaka leo sijui kama ilikuwa ukarimu au alitaka kusikia yanayosemwa huko. Hakuniuliza, basi nachukulia ukarimu.

Vijana wangu, sikufichini: asubuhi zile ndizo ninazozikumbuka kwa raha kuliko zote katika kazi. Tunaingia chini kwa kamba, mmoja ana kijembe kifupi, mmoja anajaza mchanga kwenye kikapu cha makuti, juu wanavuta. Baridi tamu. Mtu anaimba, mwenzake anamwambia nyamaza utatuangushia dari. Tende na kahawa zinashuka kwa kamba hiyo hiyo. Hakuna ugomvi hata wa kusingizia. Sote tunataka kitu kimoja, sote tunawasema watu wale wale. Nilimwambia Ami Hamed, raha iliyoje.

"Raha," akasema. "Hapa kila mtu nakubali kila kitu. Mimi naogopa."

Siku zikenda, Mbarak aliyekuwa mbele akapiga ukelele. Mchanga umekuwa na umajimaji. Akautoa kwenye kikapu, udongo mweusi wenye kung'aa, watu wakaupaka usoni kama watoto. Ami Hamed akachukua kidogo akaweka ulimini. Akakaa nao muda, akautema.

"Maji hii naijua," akasema.

"Maji ni maji, ami," Mbarak akamwambia.

"Hii ya kule. Ya mama yetu. Sisi nafungua hapa, kule napungua."

Mimi sijui kama ulimi wa mtu unaweza kujua hayo. Mbarak alisema hauwezi, na alisema kwa adabu, halafu bila ya adabu. Huenda mzee alikosea. Hakuna aliyepata kuhakikisha, kwa sababu ya mambo yaliyofuata.

Khalfan alikuwa amekwenda kwa liwali kuomba ruhusa ya visima vya juu. Liwali akasema atamtuma mtu wake kwenye sabla, yaani baraza ya mji, baada ya sala ya Ijumaa, asikilize wenye maji wanasemaje. Kura hatukuwa nazo. Mtu wa liwali angeuliza tu, nani mwenye maji anapinga, akatazama nani kasimama. Na sasa waliokuwa wengi wamegawika. Watu wa kivuli wakisema haituhusu, sisi tuna yetu. Nasor akisimama na watu wake peke yao, watu wa Khalfan wangeonekana ndio mji. Na kisima kikichimbwa pale juu, falaji ya maji ingekauka, na kama ulimi wa mzee ulisema kweli, ile kavu isingefufuka daima.

Alkhamisi Nasor akaja mwenyewe kilimani, kwa miguu, kanzu nyeupe katika vumbi lile. Mbarak akamwona kwanza. "Wakili amepotea njia," akasema. "Mwambieni saa yake inaelekea wapi."

Nasor akampita. Akamwamkia Ami Hamed, akakaa chini kwenye mchanga. Halafu Nasor akasema, "Kesho nikisimama bila yako, sote tumekwisha."

"Wewe ndiyo natoa sisi."

"Sikukutoeni. Mlitoka."

"Wewe nahamisha maneno nyumbani kwako. Sisi nabaki uwanjani na punda. Nani natoka?"

Nasor akatazama mikono yake. Nilimwona, nilikuwa karibu. Akasema, "Zamu zirudi uwanjani. Hilo nakupa. Lakini siku za mawingu siwezi kurudi kwenye majembe, ami. Wallahi siwezi. Lazima iwepo saa."

"Saa mkononi mwako sitaki."

"Basi iwe wapi?"

Watu husema mimi ndiye niliyetoa rai. Si kweli, nilikuwa nimeshika kamba tu. Ami Hamed akanyanyua fimbo akaelekeza mjini. "Ukutani. Nje ya msikiti. Kila mtu naona. Jua iko, kivuli. Jua haiko, saa. Na saa moja yake iwe saa moja ya huyu," akanioneshea mimi kwa fimbo. "Jua nazama, kumi na mbili. Kila siku narudisha."

"Nani atairudisha?"

"Mimi."

Nasor akafikiri, akasema, "Na saruji inabaki."

"Saruji nabaki. Lakini nauliza kwanza, kama iko nyengine."

Wakapeana mikono. Mbarak akatupa kijembe chake ndani ya shimo, tukakisikia kinavyogonga. "Umetuuza, ami," akasema. "Kwa saa ya ukutani. Tulikuwa na falaji yetu, tumeyagusa maji, na wewe umetuuza."

Ami Hamed alikuwa akijikung'uta mchanga. Haya aliyasema kwa Kiarabu kilichonyooka, na siwezi kuyatia Kimanga: "Mimi sikutoka kwa sababu kule si kwetu. Nilitoka kwa sababu ni kwetu. Sasa nimepata mlango, narudi. Wewe kaa ukitaka. Sikukasirikii."

Mbarak akakaa. Na wengine walikaa naye, si wachache. Mzee alishuka kilima na chini ya nusu ya waliopanda naye, na njia nzima hakusema hata karafuu.

Ijumaa sabla ilijaa. Khalfan alisema kwanza na alisema vizuri. Hakutukana mtu. Alieleza shamba la mama yake, akasema, "Nyinyi mnagombana kupima maji kwa kivuli au kwa saa. Mama yangu anapima kwa sufuria." Watu wakainama. Mtu wa liwali akauliza, nani mwenye maji anapinga. Nasor akasimama na watu wake. Ami Hamed akasimama, akaenda ubavuni kwa Nasor, na wake waliorudi wakamfuata. Mbarak na wenzake walikuwa mlangoni. Hawakusimama. Lakini Khalfan alipowageukia, hawakwenda kwake pia. Mtu wa liwali akatazama, akatazama tena, akasema visima vya juu havichimbwi. Ami Hamed akasema neno la ziada ambalo hakuna aliyelitaraji, kuwa chini, huko mkiani, Khalfan achimbe, na mji usimzuie. Nasor akakunja uso, akakubali.

Khalfan alichimba. Kisima cha kwanza kilikauka miaka michache baadaye, cha pili kilitoa, na mama yake alikufa akiwa na mitende mibichi. Ikaja miaka ya thamanini, barabara ya lami ikafika, vijana wakenda Maskati kwenye kazi za serikali, mashamba mengi yakabaki na wazee. Saa zikajaa kila mkono. Falaji kavu ilirudi kuwa kavu. Huenda Mbarak alikuwa sawa. Huenda wangeliendelea wangelipata maji yao safi, na ulimi wa mzee ulikuwa woga wa mzee tu. Nimelifikiri hili mara nyingi nikilala kitandani, kila upande una watu niliowapenda.

Saa yenyewe, mara baada ya Ijumaa ile, tulikwenda kuinunua Nizwa, mimi na Ami Hamed, ndani ya gari la mizigo tumekaa na mbuzi. Mwenye duka akatuuzia ya mbao, nzuri, hakutwambia inapiga kengele. Tumeitundika nje, ukutani mwa msikiti, katikati ya sala ya alasiri ikapiga, imamu akasahau rakaa. Nasor akaniangalia. Nikaifungua mgongo, nikaiziba kengele kwa tambara la kanzu kuukuu, lile lile la kuzibia mfereji, na toka siku ile haikusema kitu.

Jioni ya kwanza watu wengi walikuja kutazama. Ami Hamed alipanda juu ya kibao cha mbao alichoazima kwa muadhini. Kusoma saa hakujua, na hakupata kujifunza mpaka anakufa. Alijua kitu kimoja, mishale yote miwili isimame juu, pamoja, jua likizama. Kibao kilikuwa kibovu, mguu mmoja mfupi, na mzee mikono yake yote iko juu kwenye kioo. Nikaanza kusogea nimshikie.

Mbarak alinitangulia. Alikuwa amekuja kuswali kama kila siku, hakumwamkia mtu. Akainama, akakishika kibao kwa mikono miwili, uso ameuelekeza ukutani asimwone mzee.

"Usianguke, ami," akasema. "Bado nina maneno na wewe."

Mzee hakutazama chini. "Kesho asubuhi," akasema. "Uwanjani."